Kifuu cha Maji

Wajukuu zangu,

Juzi usiku nilikuwa chumba cha mbele, dirisha nimeliacha wazi kwa sababu ya joto, nanyi mko barazani mkidhani babu yenu ameshaishiwa masikio. Niliyasikia yote. Nilisikia habari za meli iliyotia nanga, za mlinzi anayelainika kwa kitu kidogo, na za yule kijana wa mtaa wa pili aliyezamia mwaka juzi na sasa anatuma picha kavaa koti zito la baridi. Mmoja wenu, na sauti yake naijua, akauliza: tukigunduliwa katikati ya bahari je? Mwenziwe akamjibu kwa maneno mawili yaliyowachekesha nyote. Stelingi hauawi.

Nami nilicheka ndani ya chandarua. Maneno hayo tuliyasema sisi kabla baba zenu hawajazaliwa, tukitoka sinema pale Tanga mjini, mifuko haina hata senti ya kashata. Filamu ikianza tu tulimtafuta stelingi, na tukishamjua tulitulia, maana risasi zote zilizobaki zilikuwa za watu wengine.

Sitawakataza safari. Mtoto wa pwani ukimkataza bahari mchana ataiendea usiku. Lakini nimefundisha fasihi miaka 33, na hadithi za safari na hatari nimezisoma mpaka majalada yakanyofoka, na kwa hilo nina haki ya kuwaambia kwamba mnazisoma vibaya. Mnamtazama anayepona tu. Hamuangalii alilipa nini ili apone, wala pale asipolipa yeye, ni nani aliyemlipia.

Tumchukue huyu ambaye hata asiyesoma anamjua, Robinson Crusoe. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1719, kimeandikwa na Daniel Defoe, na tangu siku hiyo kila mtoto anayekisikia anakumbuka kisiwa, kasuku na ule unyayo mchangani. Darasani nilikuwa nawauliza wanafunzi: mashua yao ilipopinduka, bahari ilimrudishia nini cha wenzake? Kimya. Haikumrudishia hata maiti moja. Aliona kofia tatu, kepi moja, na viatu viwili visivyo jozi. Defoe angeweza kutuandikia kilio cha kurasa kumi, akatupa viatu viwili visivyolingana, na mimi naona hapo ndipo alipoonyesha ufundi wake wote. Watu waliokuwa naye kwenye mashua ile walikuwa na mama zao. Nao, wakipanda melini, kila mmoja alijihesabu kuwa ndiye stelingi.

Na mnajua safari ile ilikuwa ya nini? Crusoe alikuwa na shamba lake Brazili, linaota vizuri, hana njaa. Akaondoka kwenda pwani ya Guinea kununua watu, kuwaleta watumwa. Hilo limo kitabuni waziwazi, ila filamu nyingi hulipitia mbio.

Basi sasa yuko kisiwani. Kitu kilichomponya ni punje za shayiri. Alikuta gunia dogo lililokuwa na chakula cha kuku wa melini, panya wamelila, yamebaki makapi na vumbi. Alitaka gunia, akakung'uta yale makapi pembeni ya maskani yake, akasahau. Mvua ikanyesha. Baada ya mwezi hivi akaona mabua ya kijani, kisha masuke kama kumi au kumi na mawili ya shayiri, na pembeni mabua machache ya mpunga. Akalia, akasema Mungu ameteremsha muujiza. Halafu akakumbuka lile gunia, na shukrani yake ikapungua palepale. Hapo huwa nacheka kila nisomapo, kwa kuwa ndivyo tulivyo binadamu: muujiza ukishajua ulikotoka, unauona si kitu.

Lakini fuateni alichofanya na masuke hayo, kwa sababu hapa ndipo msomaji kijana huanza kuruka kurasa. Hakula. Aliweka mbegu. Akapanda takriban theluthi mbili, akabakiza konzi ya kila aina, asije akakosa vyote. Na kweli alichopanda kwanza kilikufa, kwa kuwa alipanda kiangazi kikiwa mlangoni. Hakuwa akijua bado misimu ya kisiwa kile. Mkulima yeyote wa huku kwetu aliyewahi kudanganywa na mvua za vuli analijua donda hilo. Ile konzi aliyobakiza ndiyo aliyopanda mara ya pili. Ulipita mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka wa nne ndipo alipojiruhusu kula punje za shayiri yake, nazo kwa kujibana. Miaka minne, wajukuu zangu, mtu anakitazama chakula, anakilinda na ndege, na hakitii mdomoni.

Mtu huyohuyo, mwenye subira hiyo, akaja akapatwa na wazimu wa mtumbwi. Aliona nchi kavu kwa mbali ng'ambo ya maji, moyo ukamruka. Akaangusha mwerezi mkubwa ajabu. Siku 20 kuukata shina, siku 14 kuupunguza matawi, mwezi mzima kuuchonga umbo la chombo, karibu miezi mitatu kuukomba ndani. Ukatoka mtumbwi wa kubeba watu 26. Kila alipojiuliza ataufikishaje majini, alijijibu: kwanza niumalize, nikishaumaliza njia itapatikana. Maji hayakuwa mbali, kama yadi mia moja, lakini njiani palikuwa na mwinuko, na mtumbwi haukusogea hata unyayo mmoja. Akapiga hesabu ya kuchimba mfereji, akaona peke yake utamchukua miaka kumi au kumi na miwili. Akauacha. Uliozea pale.

Niliposikia mpango wenu juzi niliuona mtumbwi ule. Tukishafika njia itapatikana. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, nanyi mna chombo cha wenyewe, tena mmejificha ndani yake.

Nisimwonee Crusoe peke yake. Inadhaniwa na wengi kwamba Defoe alipata wazo kwa baharia wa kweli, Alexander Selkirk, Mskoti. Huyo mwaka 1704 aligombana na nahodha wake kwenye visiwa vya Juan Fernández, mbali na pwani ya Chile. Alisema meli yao imeoza, haifai, bora aachwe kisiwani. Nahodha akamwacha. Mashua ilipoanza kuondoka Selkirk alijuta, akaomba arudishwe, wakamkatalia. Alikaa miaka minne na miezi minne, akiwakimbiza mbuzi kwa miguu na kufuga paka wamlinde na panya waliokuwa wakimtafuna usiku. Na meli ile kweli ilikuwa mbovu, baadaye ilizama. Kwa hiyo alikuwa sahihi, na usahihi wake akaulipia miaka minne bila mtu wa kumwitikia. Sijui niwaambie nini juu ya hilo. Nalitaja tu kwa kuwa nyinyi mna desturi ya kudhani kwamba aliye sahihi hasumbuki.

Sasa niwape hadithi ninayoipenda kuliko zote, ijapokuwa haina bahari wala hazina. Mmarekani Jack London alikwenda Klondike, kaskazini ya Kanada, mwaka 1897, watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Dhahabu ya maana hakupata. Alipata kiseyeye, fizi zikamvimba. Lakini alirudi na baridi ile kichwani, na mwaka 1902 akaandika hadithi fupi kwenye jarida la vijana, To Build a Fire, juu ya kijana anayesafiri peke yake katika barafu ingawa ameonywa asifanye hivyo. Anatumbukia majini, miguu inalowa, anahangaika kuwasha moto mara kadhaa, mwisho unawaka. Anapona, na makovu ya moto mikononi mwake. Jina lake Tom Vincent.

Miaka sita baadaye, 1908, London aliiandika upya hadithi ileile kwa jarida la watu wazima. Safari hii hakumpa mtu wake jina. Alimpa mbwa wa kufuatana naye, na baridi ya nyuzi 75 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, baridi ambayo mate huganda yakiwa bado hewani. Kuna mzee mmoja wa Sulphur Creek aliyekuwa amemwonya: ikizidi nyuzi 50 chini ya sifuri, mtu asitembee peke yake katika nchi ile. Kijana akatumbukia kama mwenzake wa kwanza, akalowa hadi katikati ya miundi. Akawasha moto, ukawaka vizuri, naye akamkumbuka yule mzee na kumcheka moyoni, akaona wazee wengine wana woga wa kike. Moto aliuwasha chini ya msonobari uliobeba theluji matawini, kwa kuwa vijiti vilikuwa karibu na kuvipeleka uwanjani kulimwia uvivu. Kila alipovuta kijiti, mti ulitikisika kidogo. Theluji ya juu ikaangukia ya chini, ya chini ikaangukia moto.

Baada ya hapo ni kiberiti. Vidole vimekufa ganzi, hawezi kushika njiti moja. Anabana njiti zote 70 kwa pamoja katikati ya viganja, anaziwasha, anasikia nyama yake ikiungua kabla hajasikia maumivu. Anafikiria kumuua mbwa ili aingize mikono ndani ya mwili wake wenye joto. Mikono haiwezi hata kushika kisu. Mwisho anakaa, anakiri peke yake kwamba mzee wa Sulphur Creek alisema kweli, anasinzia. Mbwa anangoja, ananusa mauti, anaondoka kwenda kambini kwa watu wengine wenye moto na chakula.

Angalieni alichofanya mwandishi. Kwa vijana alimponya mtu wake, kwa watu wazima akamwacha afe, na hatari ilikuwa ileile. Kijana wa jarida la vijana ana jina. Yule mwingine hana. Mtu asiye na jina hawezi kuwa stelingi, ni mpita njia tu. Basi ulizeni, mkiwa ndani ya ghala la meli, nyuma ya makasha, nani atakuwa amewaandika nyinyi kwa majina? Kwenye karatasi za meli ile hakuna jina la mzamiaji hata mmoja.

Nimesema moto ulizimika kwa sababu ya mahali ulipowashwa. Nyinyi mkisoma moto mnaona tumaini, nasi walimu tumewafundisha hivyo, tukawapa na alama: moto ni tumaini, mbegu ni tumaini, nyota ni tumaini. Tumewaharibu kidogo. Moto ni moto. Unataka kuni, unataka mikono mikavu, unataka uwanja.

Nirudi kwenye lile la nani alilipa, kwa kuwa ndilo lililonitoa usingizi.

Kabla ya kisiwa, Crusoe alikuwa mtumwa yeye mwenyewe, huko Salé nchini Moroko. Akatoroka kwa mashua pamoja na mtoto mmoja aitwaye Xury. Walipohitaji maji ya kunywa, na ufukweni kukiwa na hofu ya watu na wanyama wasiojulikana, mtoto ndiye aliyejitolea kushuka na mtungi: wakinila mimi, alisema kwa lugha yake ya kubahatisha, wewe utapata kukimbia. Akaenda, akarudi na maji. Baadaye meli ya Wareno ikawaokoa, na Crusoe akamuuza mtoto yule kwa nahodha kwa vipande 60 vya fedha, kwa ahadi kwamba ataachwa huru baada ya miaka kumi iwapo atakuwa Mkristo. Alipokuja kujuta, alijuta shambani Brazili, alipoona kazi ni nyingi na mikono haitoshi.

Kizazi chetu shuleni tulilelewa na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya kitabu cha H. Rider Haggard cha mwaka 1885. Nilikipenda hadi leo naona haya. Kuna mahali ambapo wale Waingereza watatu wamefungiwa ndani ya chumba cha mawe pamoja na makasha ya almasi, taa inakaribia kuzimika, na almasi zote zile haziwezi kununua pumzi moja. Kilichowaokoa ni swali dogo la mmoja wao, Kapteni Good: mbona hewa humu haichafuki? Wakapapasa sakafuni gizani mpaka wakapata jiwe lenye pete. Hapo ni pazuri sana. Lakini mlangoni, kabla ya giza lile, msichana Foulata alimng'ang'ania kizee Gagool asitoroke mlango ukishuka, akachomwa kisu, akafa. Chakula kidogo na vibuyu vya maji vilivyowaweka hai mle ndani vilikuwa kwenye kikapu alichokibeba yeye. Tulipokuwa wavulana hakuna aliyetaka kuwa Foulata. Tulipokezana kuwa Quatermain, mmoja wa Waingereza wale, sisi watoto weusi wa Tanga, tena kwa kugombana.

Msije mkadhani ni Wazungu tu. Sindbad Baharia nilimsikia kwa bibi yangu kabla sijajua kusoma, safari zote saba, ndege Rukh na bonde la almasi, tukila mbaazi kwa maandazi. Nilikuwa mtu mzima nilipoisoma safari ya nne yote na kuona bibi alichoniruka. Sindbad anaoa ugenini, na desturi ya nchi ile ni kwamba mke akifa mume huzikwa naye hai. Anateremshwa shimoni kwa kamba na mikate saba na mtungi wa maji. Maji yanaisha. Wanapoteremshwa wafiwa wengine, Sindbad anawapiga kwa mfupa wa maiti, anawaua, anachukua mkate na maji yao, na ndivyo anavyoishi mpaka anapata upenyo wa kutokea baharini. Anarudi Baghdad tajiri, anawapa masikini sadaka. Bibi alituambia tu kwamba Mungu alimjaalia akatoka.

Mfa maji hukamata maji, husema watu, na hawamlaumu. Nami sina la kumlaumu Sindbad, kwa sababu hii.

Mwaka 1974, nina miaka 17, nilipanda jahazi la magunia ya mahindi kutoka Tanga kwenda Pemba. Nyumbani niliaga kwamba naenda kumwamkia mjomba. Shabaha yangu ilikuwa kutoka Pemba nitafute chombo cha kwenda Arabuni, na ndani ya bahasha yangu ya nguo nilikuwa na Mashimo ya Mfalme Sulemani niliyoiazima maktaba ya shule bila nia ya kuirudisha. Ilikuwa maleleji, kusi haijashika. Upepo ulitufikisha nje ya ghuba, ukafa. Tanga likaning'inia kama kanga ya mgonjwa. Mkondo ukatuchukua kaskazini, siku ya kwanza, ya pili, na jahazi lilikuwa likivuja, tukifua maji kwa zamu usiku na mchana.

Nahodha alikuwa mtu mfupi asiyependa maneno. Jioni ya kwanza aliutazama mtungi, akachukua kifuu cha nazi, akakwaruza alama ndani yake kwa ncha ya kisu. Kila mtu kifuu kimoja alfajiri, kimoja magharibi, hadi kwenye alama. Tulikuwa saba. Hakusema tutafika, wala hakusema hatutafika. Alisema zamu ya nani kufua.

Usiku wa tatu zamu ilikuwa yangu. Wenzangu wamelala juu ya magunia, mwezi haujatoka. Nilikuwa nikijiambia kwamba Quatermain jangwani alikaribia kufa kwa kiu akapata maji, na kwamba kijana anayefua ana haki zaidi ya mzee anayekoroma. Nikainua kifuniko cha mtungi, nikachota, nikanywa kifuu kizima kupita alama. Sijawahi kunywa kitu kitamu namna ile hadi leo.

Alfajiri nahodha alifungua mtungi, akainama, akatazama ndani kwa muda. Hakutuangalia usoni hata mmoja. Akaanza kugawa, kuanzia kwangu kwa kuwa nilikuwa mdogo wao, kifuu hadi kwenye alama, kisha anayefuata, kisha anayefuata, watu sita. Ilipofika zamu yake akakifudikiza kifuu juu ya kifuniko, akaenda kushika usukani.

Upepo ulikuja alasiri.